Miaka ya Kuunda Kompyuta za Michezo Kariakoo

Kazi ya kuunda kompyuta za michezo, ambayo mwandishi wa tawasifu hii aliianza kama tawi dogo la ufundi wake wa kutengeneza kompyuta za ofisi pale Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ilidai tangu mwanzo ujuzi wa vifaa pamoja na ujuzi wa mfuko wa mteja. Wengi wa wateja wake walikuwa wanafunzi wa vyuo na waajiriwa wapya waliodunduliza fedha kwa muda mrefu, na kwa hiyo kila shilingi iliyopotelea kwenye kifaa kisichohitajika aliihesabu kuwa ni dhuluma.

Mazungumzo na mteja yalianzia kwenye skrini, kabla ya kutajwa kifaa kingine chochote. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zipatazo milioni 2, ilhali ile ya 3840 kwa 2160 ina mara nne ya hizo, na zote hazina budi kuchorwa upya, mara kadhaa katika kila sekunde, na kadi ya picha, yaani kifaa kinachokokotoa taswira za mchezo. Aidha, skrini yenye uwezo wa kuonyesha picha 60 kwa sekunde haiwezi kuonyesha 140 hata kadi ikizitoa, na mteja mwenye skrini ya namna hiyo aliyetaka kadi ya bei ya juu alielezwa hivyo waziwazi, ingawa duka lingefaidika kwa kunyamaza.

Kadi ya picha ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya bajeti, baina ya theluthi moja na nusu, na ndiyo iliyohitaji usomaji wa makini zaidi. Mwaka 2016 kampuni ya Nvidia ilitoa kadi ya GTX 1060 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6 na nyingine yenye gigabaiti 3, na wanunuzi wengi waliamini kwamba tofauti iliishia hapo, kumbe toleo dogo lilikuwa pia na viini vya kukokotoa 1152 badala ya 1280, kadi zote mbili zikiwa chini ya jina lile lile. Baadaye, mtandao wa sarafu ya Ethereum ulipoacha uchimbaji kwa kadi za picha mnamo Septemba 2022, soko la mitumba lilifurika kadi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana. Mwandishi hakuzikataa, kwa kuwa nyingi zilikuwa nzima na nafuu, lakini alizilazimisha kufanya kazi nzito mbele ya mteja, akitazama joto, mlio wa feni na mabaka kwenye picha, kabla ya fedha kubadilishana mikono.

Katika uchaguzi wa prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na ubao mama unaoibeba, mwandishi alitazama miaka ya mbele kuliko bei ya siku ile. Ubao wa soketi ya AM4, yaani mahali prosesa inapochomekwa, ulionunuliwa mwaka 2017 kwa prosesa za kwanza za Ryzen uliweza, katika miundo mingi na baada ya kusasishwa programu yake ya msingi, kupokea prosesa za Ryzen 5000, hivyo mteja akabadilisha kifaa kimoja tu na kuendelea kutumia ubao na kumbukumbu zake za zamani. Wenye bao za Intel za mwanzoni mwa mwaka huo huo hawakupata nafasi hiyo, kwani prosesa za kizazi cha nane zilitumia soketi yenye jina lile lile lakini zikadai ubao mpya. Kuhusu kumbukumbu, vipande viwili vya gigabaiti 8 vilipendelewa kuliko kimoja cha 16, kwa sababu viwili hufungua njia mbili za kupitishia data.

Hata hivyo, kifaa ambacho mwandishi hakukubali kamwe kipunguziwe fedha ni pawa saplai, inayopokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa volti ndogo zinazotumiwa na vifaa vya ndani. Katika jiji ambalo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai dhaifu inaweza kufa pamoja na kadi, ubao na diski. Tena, maandishi makubwa kwenye kasha lake hayatoshi kuaminiwa, kwa maana prosesa na kadi za picha hutegemea zaidi mkondo wa volti 12: penye maandishi ya wati 500 huku mkondo huo ukiwa na ampea 20 tu, hesabu ya 12 mara 20 hutoa wati 240, na hicho ndicho kiasi halisi kinachopatikana kwa vifaa hivyo. Vijana wengi walikuwa tayari kulipia taa za rangi na kioo cha pembeni huku wakiomba pawa saplai ya bei ya chini kabisa, na hapo mwandishi alishika msimamo hata kwa kumpoteza mteja.

Msomaji anayekusudia kuunda kompyuta yake anaombwa asome kibandiko cha pawa saplai, azidishe ampea za mkondo wa volti 12 kwa 12, na asilipe mpaka jibu lizidi mahitaji ya prosesa na kadi yake kwa pamoja.