Uhasibu Hauboeshi, Umesahau Tu Ni Pesa za Nani

Tuanze na ukweli. Sijawahi kuona mtoto wa Chaka akisema akiwa mkubwa anataka kuwa mhasibu. Tulitaka kuwa marubani, ama polisi kwa sababu chuo chao kiko hapo tu Kiganjo. Uhasibu ni ile kitu unachaguliwa. Matokeo yametoka, mzazi anauliza jirani, jirani anasema, "Mpeleke CPA, huyo hatakosa kazi." Basi. Miaka miwili baadaye uko na vitabu vya KASNEB mezani saa tano usiku, baridi ya mlima inaingia kwa dirisha, na unajiuliza kama maisha yako yote yatakuwa debiti na krediti.

Mimi si mhasibu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kabisa, na sasa natafuta riziki na simu na taa ya kujirekodi. Kwa hivyo sitakupa hotuba ya "soma kwa bidii". Lakini wasee wengi wa rika langu hapa Nyeri, Karatina na Nanyuki wako kwa hii kozi, na swali lao ni moja: moyo wa kuendelea unatoka wapi?

Maoni yangu ni haya. Hautoki kwa hesabu yenyewe. Hautoki kwa mshahara pia, kwa sababu mshahara unazoeleka haraka. Unatoka kwa kujua nambari iliyo mbele yako ni jasho la nani.

Chukua chama cha mama yangu. Ni wamama wa soko, wengi wanauza viazi na kabichi kutoka Kieni. Kila mwezi wanaweka akiba, wanakopeshana, wanaandika kwa daftari moja kubwa. Mwaka jana, siku ya kugawana, hesabu ikakataa. Ukijumlisha pesa taslimu na ile ya M-Pesa, zinapungua shilingi 1,800 kuliko daftari linavyosema.

Unaweza kucheka hiyo pesa. Lakini kwa chama, 1,800 ni jina la mtu. Mweka hazina alikuwa amekaa pale pale. Hakuna aliyemwita mwizi, lakini wamama walianza kuongea kwa sauti ya chini, na wewe unaijua hiyo sauti. Ukitoka kwa kikao na hiyo harufu, nani atakukopesha hata gunia moja la viazi sokoni?

Binamu yangu anafanya CPA, na wiki hiyo hiyo alikuwa ametangaza kwamba ataiacha. Aliitwa kwa sababu, "Si wewe unasomea pesa?" Hakuanza kusoma daftari kutoka juu. Alichukua 1,800, akagawanya kwa tisa, ikaingia sawasawa mara 200. Akasema: tafuteni mahali tarakimu zimebadilishana nafasi. Hii ni mbinu ya zamani ya wahasibu. Ukigeuza tarakimu mbili zinazofuatana, 24 ikawa 42, tofauti lazima igawanyike kwa tisa. Si ushahidi, lakini inakuonyesha pa kuanzia. Nusu saa hivi wakaipata: mkopo uliolipwa kwa M-Pesa, ujumbe wa simu unasema 2,400, daftari linasema 4,200.

Mweka hazina hakusema neno. Alifunika uso na leso, akalia. Binamu bado analalamika juu ya mitihani, lakini habari ya kuacha sijaisikia tena.

Sasa panda juu kidogo kutoka kwa chama. Hapa Nyeri mkulima anapeleka kahawa kiwandani, anapimiwa kilo, anapewa risiti, halafu anangoja miezi. Ile bei ya kilo inayotangazwa mwishoni imepita kwa mikono ya watu wa hesabu: gharama ya kukoboa, usafiri, mkopo wa mbolea. Shilingi chache zikipotea kwa kila kilo, hiyo ni karo ya mtoto fulani. Ama angalia Sacco. Ripoti ya ukaguzi maalum wa PwC iliyotoka mwaka 2025 ilisema shilingi bilioni 13.3 zilipotea KUSCCO, muungano wa Sacco za Kenya. Hizo bilioni ni elfu mbili ya mtu, elfu tano ya mwingine, zilizokatwa kwa mshahara mwezi baada ya mwezi. Kila mahali pesa kama hiyo inapita, kuna mtu wa hesabu aliyeona ama aliyeangalia kando.

Kuna jina ambalo kila mwanafunzi wa uhasibu Kenya angepaswa kulijua: David Munyakei. Hakuwa bosi. Alikuwa karani kijana katika Benki Kuu mapema miaka ya 1990, na karatasi za kampuni ya Goldenberg zilikuwa zinapita mezani pake. Kampuni hiyo ilikuwa inalipwa na serikali nyongeza ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuuza nje. Kenya, ambayo almasi haina na dhahabu yake ni ya kuhesabu. Munyakei alipeleka nakala za hizo karatasi kwa wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 mambo yakalipuka bungeni.

Na malipo yake? Alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Mashtaka yalikuja kuondolewa, lakini kazi aliipoteza na hakurudishiwa. Mwaka 2004 Transparency International tawi la Kenya ilimpa tuzo. Mwaka 2006 akafariki, maskini.

Sikuambii hii kukutisha, na sitaki kukuuzia ndoto. Kuridhika na kazi hakulipi kodi ya nyumba. Kuna siku utafanya kazi ya kuingiza risiti kutoka asubuhi mpaka jioni, na mkubwa wako hatajua hata jina lako. Kuna siku mtu atakuambia "panga hizo hesabu zikae vizuri", na utajua anamaanisha nini. Siku hiyo, kama ulikuja kwa mshahara tu, utapanga. Mtu anayejua ni pesa za nani ana sababu ya kukataa, hata kama sababu hiyo ina bei.

Halafu kuna hii hofu ya mashine. Eti programu itachukua kazi yote. Kujumlisha, sawa, ichukue. Lakini kompyuta ingejumlisha malipo ya Goldenberg bila kosa hata moja. Kuuliza "dhahabu gani?" kulihitaji mtu.

Kwa hivyo kama uko katikati ya CPA na umechoka, fanya vitu vitatu. Kwanza, toka kwa kitabu. Nenda kwa chama cha mtaa, kiwanda cha kahawa, duka la mjomba, omba kuona daftari lao. Utashangaa vile somo lililokuwa linakulaza linaamka likiwa na pesa ya mtu unayemjua. Pili, usingoje upate leseni ndio ujione wa maana. Kuna kikundi karibu na wewe kinahitaji mtu wa kulinganisha daftari na M-Pesa mara moja kwa mwezi, na hicho hakiulizi uko ngazi gani. Tatu, chagua mapema kitu ambacho hutawahi kuweka sahihi yako. Kiandike mahali, kwa sababu siku ya kuombwa hautapewa muda wa kufikiria.

Na kama umejaribu hayo yote na bado moyo umekataa, toka. Mimi niko huku nje na sijafa. Lakini toka kwa sababu hutaki kulinda pesa za watu. Usitoke kwa sababu mtaa umekuambia ni kazi ya watu wasio na maisha. Siku Sacco ya mama yako itayumba, hutatafuta mtu wa kontenti. Utatafuta mhasibu, na utaomba Mungu awe mwaminifu.