KAPEWA GODORO LA BURE, ANALALA KWENYE MKEKA!

Picha mnaikumbuka? Dada kavaa dera la kijani, kajitupa chali juu ya godoro jipya la tano kwa sita, inchi kumi, nailoni bado iko pembeni, na maneno chini: "Usingizi wa peponi." Watu wakamwaga makopa, wengine wakauliza bei, wengine wakawatagi waume zao. Usiku ule ule bibie alilala sebuleni kwenye mkeka, dirisha wazi, pampu ya pumu mkononi.

Jina halitajwi, na mnaomjua kausheni. Anakaa Chukwani, si mbali na Baraza la Wawakilishi, anauza mabuibui na udi mtandaoni. Duka moja la mjini likamfuata: chukua godoro, tupostie mara tatu. Nani anakataa godoro? Lake la zamani lilishabonyea katikati kama mtumbwi.

Kasheshe ilianza nailoni ilipotoka. Ile harufu ya sponji mpya watu wanaipenda, ndiyo harufu ya kitu kipya. Yeye ilimkata koo. Macho yakawasha, kichwa kikagonga, na saa nane usiku kifua kikaanza kupiga filimbi. Mama yake akasema hilo ni jicho tu. "Umejianika mno mwanangu." Chumba kizima kikafukizwa ubani na udi. Jamani! Mtu kifua kimebana mnamwongezea moshi? Usiku huo ulikuwa mbaya kuliko wote.

Daktari aliyemwona wala hakukimbilia kuandika dawa. Alimuuliza: ukilala kwa dada yako unakuwaje? Kabla ya godoro hili ulikuwa unaamkaje? Hapo ndipo akakumbuka kuwa hata kwenye lile bovu alikuwa anaamka na chafya kumi mfululizo, pua imeziba, ikifika saa nne asubuhi yuko poa. Miaka yote alidhani ni baridi ya alfajiri.

Kumbe ni mambo mawili tofauti. Godoro la zamani linajaa wadudu wa vumbi, wadogo hata macho hayawaoni. Hawaumi kama kunguni. Wanakula ngozi inayomdondoka mtu akiwa kalala, na kinachomwasha ni kinyesi chao na mabaki ya miili yao. Maji hawanywi, wanavuta unyevu wa hewani, sasa piga picha masika ya Unguja, Machi mpaka Mei, shuka hata hazikauki. Godoro jipya hao bado hawajahamia, ila sponji inatengenezwa kwa kemikali na mvuke wake unaendelea kutoka kwa siku nyingi, wakati mwingine wiki. Ukilifungulia chumbani madirisha yamefungwa, wote unauvuta wewe. Yaani jipya linanuka, la zamani lina wadudu, na mwili wake unagombana na vyote viwili.

Basi kila mtu akageuka daktari. Shangazi yake akashikilia sufi, ati wazee wamelalia sufi na hawakuumwa. Fundi alipofungua gunia tu, bibie akapiga chafya kabla hajamaliza salamu, maana sufi lina vumbi lake. Usumba? Hewa inapita vizuri, lakini mengine yanagandishwa kwa utomvu wa mpira, na yeye akivaa glavu za mpira mikono inatoka vipele. Kwa sababu hiyo hiyo lateksi nayo ikafa, ingawa muuzaji alikazana kuwa "ni ya asili dada, haina madhara." Hivi hivyo vipele si vinatokana na hiyo hiyo asili? Mwingine akamwonyesha lebo ya Oeko-Tex, kipimo cha tangu 1992 cha kuangalia kemikali zenye madhara kwenye nguo na vitambaa. Lebo nzuri, ila ilikuwa ya kitambaa cha juu, sponji ya ndani haikuwa na lebo yoyote.

Alikaribia kabisa kununua la mtumba, la kontena, safi, halinuki hata kidogo. Mkono ushaingia kwenye pochi ndipo akawakumbuka wale wadudu. Harufu imeisha kwa sababu watu wamelilalia miaka, na kila mmoja kaacha ngozi yake humo.

Wakati huo wote alikuwa kimya mtandaoni. Posti mbili bado anadaiwa. Halafu ikaingia meseji ya mama mmoja: "Dada, nimemnunulia mwanangu kama lako, ana pumu, nimekuamini wewe."

Hakulala, na safari hii si kwa kifua.

Asubuhi akampigia mwenye duka. Akajibiwa kuwa anataka kuharibu biashara za watu, na godoro likishafunguliwa halirudi. Shoga yake akamwambia akaushe, atakosa madili. Akapiga picha akiwa kwenye mkeka, bila mekapu, akaandika kuwa ile ya kwanza ilikuwa uongo, hajawahi kulala pale hata usiku mmoja mzima. Duka hakulitaja. Alisema godoro halina kosa, ni mwili wake haulitaki. Yule mama akamwandikia pembeni: mtoto ahamishwe chumba kwanza, godoro likasimamishwe barazani lipigwe upepo, na wamwone daktari. Madili mawili yakakatika wiki hiyo hiyo.

Lake alilipata Mwanakwerekwe. Babu mmoja alikuwa na godoro la inchi sita, la maonyesho, limekaa bila nailoni miezi. "Babu, huna kipande cha sponji hii hii?" Akapewa kimoja cha mto, akakiweka ndani ya foronya akakilalia siku tatu. Kifua kimya. Ndipo akalipa, na bado akaliacha barazani wiki tatu, analigeuza kama samaki wa kukaanga. Fundi cherehani wa Mlandege akamshonea foronya ya godoro zima, kitambaa kilichofumwa kwa kubana, zipu kuzunguka. Shuka anazichemsha kila Alhamisi kwenye sufuria kubwa, maana wadudu wale wanakufa maji yakifika nyuzi 60 na mashine yake haifiki huko. Udi umehamia sebuleni. Kwa muuza udi hilo si dogo, na mama yake bado kanuna.

Lile la inchi kumi kachukua kaka yake. Anakoroma mpaka majirani wanajua.