Mama, Kabla Hujafunga Sanduku la Ng'ambo

Tangu nihamie Uingereza mwaka 2022 kufanya kazi ya uuguzi, haipiti wiki bila mwenzangu mmoja kunipigia simu kutoka nyumbani akiuliza, "Dada, na mimi nitafikaje huko?" Wengi huuliza njia. Wachache huuliza gharama, na wachache zaidi huuliza habari za watoto. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, mke na mama wa watoto watatu. Sina ofisi ya kupeleka watu ng'ambo, wala simzuii mtu kwenda. Ila naona yafaa niwaeleze mambo yalivyo, ili mke na mume wakae chini na kupiga hesabu kabla ya kuuza shamba.

NJIA ILIYO HALALI

Tanzania imo katika orodha ya nchi 55 ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitaja mwaka 2023 kuwa na upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa sababu hiyo kanuni za Uingereza haziruhusu waajiri wala mawakala kuja kwetu kusaka wauguzi. Muuguzi mwenyewe, hata hivyo, anaruhusiwa kuomba kazi moja kwa moja hospitalini, nami ndivyo nilivyofanya. Basi akija mtu kusema ametumwa na hospitali ya Uingereza kukusanya wauguzi, na anataka ada ya kukutafutia kazi, mkimbie. Ada hiyo nayo imekatazwa. Mwenzangu mmoja wa wodi ya wazazi alimpa mtu wa namna hiyo shilingi milioni sita za mkopo wa kikundi. Kazi hakuiona, na deni analilipa mpaka leo.

Kuna wanaouza nafasi za kutunza wazee. Tangu tarehe 11 Machi 2024 wanaoomba visa ya kazi hiyo hawaruhusiwi kwenda na mume wala watoto, na tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuleta watunzaji wapya kutoka nje. Anayekuuzia nafasi hiyo anakuuzia hewa.

Kwa muuguzi aliyesajiliwa njia ipo, lakini ni ndefu. Kwanza ni mtihani wa Kiingereza. Mimi nilifanya IELTS ya kitaaluma, ambayo hudai alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Pili, baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, hukagua vyeti vyako na usajili wako katika Baraza letu la Uuguzi na Ukunga. Tatu ni mtihani wa kompyuta, wenye sehemu ya hesabu na sehemu ya uuguzi, ambao hufanywa kabla ya kuondoka. Nne, ukishafika, kuna mtihani wa vitendo wenye vituo 10, uitwao OSCE. Nilijisomea usiku baada ya zamu, watoto wakiwa wamelala, kwa mwaka mmoja na nusu.

Ukipata mwajiri, yeye hukupa hati ya udhamini, nayo ndiyo hukuwezesha kuomba visa ya watumishi wa afya. Utahitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, na cheti cha polisi cha tabia njema. Ada ya visa ilipangwa Aprili 2025 kuwa pauni 304 kwa kila mtu kwa muda usiozidi miaka 3, na pauni 590 ukizidi hapo. Ada hizi hupanda mara kwa mara, kwa hiyo uliza upya kabla ya kulipa. Nafuu iliyopo ni kwamba mwenye visa hii na familia yake hawalipi ile tozo ya afya ambayo wahamiaji wengine hutozwa kila mwaka.

Aidha, soma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho. Waajiri wengi hulipia tiketi na mitihani, lakini mikataba mingine hukudai urudishe fedha hizo ukiacha kazi mapema.

MSHAHARA NA MAKATO YAKE

Kwa mwaka wa fedha 2025/26, muuguzi anayeanza daraja la 5 katika hospitali za umma za England alipangiwa pauni 31,049 kwa mwaka, yaani kama pauni 2,587 kwa mwezi. Ndugu nyumbani huzigeuza kuwa shilingi na kuona utajiri. Sasa tazama makato. Kodi ya mapato ni asilimia 20 ya kile kinachozidi pauni 12,570 kwa mwaka. Bima ya taifa ni asilimia 8. Mchango wa pensheni unazidi asilimia 8. Kinachofika mkononi ni chini kidogo ya pauni 2,000. Na kabla hujafaulu OSCE, wengi huwekwa daraja la chini yake.

Hapo hujalipa pango. Sisi tulipanga nyumba ya vyumba viwili, katika mji usio ghali, kwa pauni 750 kwa mwezi, pamoja na amana ambayo kwa nyumba kama hiyo sheria ya England hairuhusu izidi pango la wiki 5. Kuna kodi ya halmashauri inayotozwa kila nyumba, ingawa anayeishi peke yake hupunguziwa robo. Kuna umeme, gesi ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, nauli, na makoti ya watoto.

Mimi na mume wangu tuliandika yote haya kwenye daftari. Tukaona tunaweza kutuma nyumbani pauni 200 kwa mwezi, basi. Tuliwaita wazazi wa pande zote mbili tukawaambia kiasi hicho kabla ya safari. Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Afadhali mmesema mapema." Jambo hilo limetuepusha na magomvi mengi.

NYUMBANI UNAKOKUACHA

Mshahara wako ukikoma, mchango wa NHIF nao hukoma, na wale uliowaandikisha, hata wazazi wako, hubaki bila kadi. Watafutie bima nyingine kabla hujapanda ndege. Angalia pia mfuko wa pensheni. Ili mtu alipwe pensheni ya uzeeni anatakiwa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Mimi nilikuwa nimechangia miaka 17. Kama wewe una miaka 13, zungumza kwanza na mwajiri habari za likizo bila malipo, na uulize mfuko wako michango itakuwaje.

Ukipangisha nyumba yako, TRA bado wanadai kodi ya pango ingawa wewe uko mbali. Mwandikie ndugu mwaminifu hati ya kisheria ya kukusimamia, kupitia wakili, wala usiridhike na maneno ya mdomo. Tena ujue kwamba sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Atakayechukua uraia wa Uingereza hapo baadaye atapoteza wa Tanzania.

MUME NA WATOTO

Hapa ndipo penye uzito, nami nawaomba mpasome polepole.

Visa yangu iliruhusu mume, na watoto walio chini ya miaka 18. Mume akija kwa visa hiyo anaruhusiwa kufanya kazi. Lakini kuruhusiwa ni jambo moja, na kuipata kazi uliyosomea ni jambo lingine. Mume wangu alikuwa mwalimu wa sekondari kwa miaka 19. Huku alianza kwa kupanga makasha ghalani usiku. Kulikuwa na majuma ambayo tulipishana mlangoni tu, yeye akirudi na mimi nikitoka. Alikuwa amekubali hayo kabla ya kuja, tena mbele ya wazazi, na sijamsikia akinilaumu. Mwanamke ambaye mume wake hajakubali kwa moyo asimburute.

Kwa watoto, wale wawili wadogo walipata visa. Kijana wetu wa kwanza alikuwa ametimiza miaka 18 miezi mitatu kabla ya barua yangu ya kazi kufika. Sheria huangalia umri siku ya kuomba. Alikuwa kidato cha tano, bweni, na tulipomweleza aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mimi si wa familia tena?"

Baba yake alimjibu kwamba karatasi za Uingereza hazina uwezo wa kumtoa mtu katika familia. Halafu tulifanya yale tuliyoweza. Mdogo wangu, ambaye ni mama yake mdogo, alimpokea wakati wa likizo. Ada yake tuliitenga kwanza, kabla ya ile fedha ya wazazi. Kila Jumapili jioni tunazungumza naye kwa simu sote wanne, na hatukatishi hata kama nimetoka zamu ya usiku. Sasa yuko chuo kikuu. Hajawahi kufika huku. Sisi ndio tunaomfuata, mara moja kwa miaka miwili, kwa sababu tiketi nne ni fedha nyingi.

Nikiulizwa kama safari ilitufaa, nasema deni la nyumba limekwisha, wadogo wanasoma vizuri, nami nimejifunza kazi nyingi. Nasema pia kwamba mwanangu amekuwa mtu mzima bila mimi kumwona akikua, na jambo hilo bado liko moyoni mwangu.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, ukipata barua ya kazi, kabla hujaitangaza kanisani, chukua daftari. Andika umri wa kila mtoto siku utakayoomba visa. Andika kinachobaki baada ya makato na pango. Andika nani atawaangalia wazazi. Kisha mpe mume wako asome, mwombe pamoja, na kila mmoja aseme lililo moyoni mwake. Mungu awape hekima, muende au mbaki.