Chuo Kilichonifuata Nyumbani

Mwaka 2008 nilikuwa na barua mbili za kuitwa chuo. Wakati ule kila chuo kilikuwa na fomu zake na kilijichagulia wanafunzi wake; udahili wa pamoja ulianza mwaka 2010. Aliyefaulu vizuri kidato cha sita aliweza kuitwa huku na huku kwa mpigo. Barua moja ilitoka Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ya pili ilitoka Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na majengo yake tulikuwa tukiyaona yakichomoza kutoka uani kwa mama.

Sisi ni Wagogo wa hapo hapo, mashariki ya mji. Eneo lile tulilijua kwa mibuyu, kwa upepo, na kwa ukumbi wa Chimwaga ambako CCM ilikuwa ikifanyia mikutano yake mikuu. Ikasemwa kwamba chuo kitajengwa cha wanafunzi 40,000. Kichwa changu kilikubali, moyo ukakataa. Mahali nilipochunga mbuzi pawe chuo kikuu?

Mlimani, kwa upande wake, nilikuwa nimekwisha kukaa miaka miwili kwa masimulizi. Mwalimu wetu wa historia alisoma pale. Alitueleza jinsi chuo kilivyoanza mwaka 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla hakijahamia kilimani. Alitueleza habari za mwanahistoria Walter Rodney, na midahalo iliyokesha. Mimi nilitaka kuingia Ukumbi wa Nkrumah, hata nikasimame nyuma kabisa. Niliamini kwamba elimu ni kitu kinachofuatwa mbali, na kwamba kilicho karibu na nyumbani hakiwezi kuwa kikubwa.

Mama hakubisha. Alisema, "Nenda, mwanangu. Ila hiki nacho kimekuja mpaka hapa." Sikumjibu.

Masomo siyajutii. Mlimani pamenilea. Mwaka wa kwanza sikuwa na kitanda, wenzangu wakanibeba, kama tunavyosema pale mtu anapogawiwa nusu ya godoro la mwenzake, na urafiki wa miezi ile ya kubebana haujafa hadi leo. Ninachojuta ni hesabu ya siku. Basi la kutoka Ubungo lilikula siku nzima na nauli iliyokuwa sehemu nzuri ya bumu langu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, kwa hiyo nilikwenda nyumbani mara mbili kwa mwaka. Nilipoajiriwa Dar, ikawa mara moja.

Mama naye alikuwa ameanza kuwauzia chai na chapati mafundi wa ujenzi. Walipoondoka, akawauzia wanafunzi. Hakujua kusoma. Hata hivyo nilikuwa nikipata meseji zake, na kila moja ilikuwa na mwandiko wake: hii imeandikwa sanifu kama barua ya ofisini, ile imejaa "xaxa" na "mama anaxema", kama vijana walivyopenda kuandika siku zile. Moja ilimalizia, "Shikamoo kaka, mimi ndiye ninayeandika." Sikuwahi kuuliza ni nani.

Alifariki mwaka 2019. Dodoma ilikuwa imetangazwa jiji mwaka mmoja nyuma, wizara zilikuwa zimehamia, na viwanja vya kijijini kwetu vilikuwa na bei ambazo mama aliziona kama matusi. Treni ya umeme ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, niliipanda mwezi wa pili wake. Nilitoka Dar asubuhi, na mchana nilikuwa nimesimama uani kwa mama. Saa chache tu. Nilikaa kwenye kigoda chake nikashindwa kuinuka.

Ndani ya sanduku lake la bati dada yangu alikuwa amehifadhi daftari la madeni. Nilikuwa sijawahi kulishika. Kwa kuwa mama hakuweza kuandika, kila mwanafunzi alijiandikia deni lake mwenyewe: kurasa kwa kurasa, kila mstari na mkono wake. "Chapati 2, chai 1, naomba hadi bumu litoke." "Mama, ya juzi nimelipa, ya leo bado." Mengi yamekatwa kwa kalamu. Mengine hayakukatwa, na dada anasema mama hakuwahi kumdai mtu. Alimwomba tu kila anayekuja asome alichoandika aliyemtangulia, ili ajue mambo yamefikia wapi.

Katikati ya daftari nilikutana na yule wa "xaxa". Ameandika chapati mbili na chai ya maziwa, akaweka tarehe, na chini yake, kwa ajili ya atakayefuata kumsomea mama: "Mexeji ya kaka nimetuma. Hajajibu bado."