Mzabibu Uliokosewa Jina la Baba

Wengi wetu tunaikaribia divai mara moja tu kwa juma, tena kwa macho, katika kikombe kinachoinuliwa altareni. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 924, inadai kwamba divai hiyo iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Haiulizi ni mzabibu wa aina gani. Sisi tuliosomea ualimu, na ambao tumefundisha masomo ya viumbe sambamba na katekisimu, tulivutwa na jambo hilo ambalo sheria imelinyamazia. Aina za mizabibu ni maelfu, na kila aina ina wazazi wake. Leo tunapenda kuwasimulia habari za mmoja tu, ulio adimu hata katika nchi yake. Unaitwa Albarossa, maneno mawili ya Kiitalia yenye maana ya mapambazuko mekundu, na hulimwa Piemonte, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Italia.

Aliyeuleta duniani ni Giovanni Dalmasso, mtaalamu aliyezaliwa mwaka 1886. Alikuwa mkuu wa kituo cha utafiti wa mizabibu katika mji wa Conegliano, na pamoja na Arturo Marescalchi alitoa kitabu kikubwa juu ya historia ya mzabibu na divai katika Italia. Ni vigumu kumdhania kuwa mtu asiyeijua mizabibu ya nchi yake. Basi yeye aliitazama Piemonte, akaona zabibu mbili nyeusi zenye sifa zinazopingana. Nebbiolo ndiyo inayotoa divai za Barolo na Barbaresco, divai za heshima kubwa na bei kubwa, zinazoweza kukaa miaka mingi zikizidi kuwa nzuri. Lakini mti wenyewe hudeka, huchelewa kuiva, na hutaka miteremko iliyo bora kuliko yote. Barbera ni mzabibu wa watu wa kawaida. Huzaa sana, divai yake ina rangi nzito na uchachu mwingi, ila inapungukiwa tanini, yaani ule ukakasi unaokamata ulimi na kuisaidia divai idumu. Dalmasso alitaka kuwaoza hao wawili, na mwaka 1938 alifanya hivyo.

Namna ya kufanya tunapenda kuieleza polepole, kwa maana huo ndio uvumilivu tusioufundisha vya kutosha darasani. Ua la mzabibu ni dogo kuliko punje ya mchele, nalo lina viungo vya kiume na vya kike pamoja, hivyo hujichavusha lenyewe. Anayetaka kuchanganya aina mbili lazima aliwahi kabla halijafunguka, aondoe kwa kibano viungo vya kiume, ua kwa ua, kisha afunike kishada kwa mfuko wa karatasi ili upepo usilete chavua ya jirani. Siku ikitimia, hupaka chavua ya mzabibu aliouchagua kuwa baba. Zabibu zikiiva, hazinywewi wala haziliwi. Kinachotakiwa ni mbegu. Kila mbegu huota mche tofauti na wenzake, kama watoto wa tumbo moja wasivyofanana. Miche mingi hutupwa. Ule mmoja unaopendeza hauzidishwi kwa mbegu tena, bali kwa kukata vijiti vyake na kuvipanda, sawasawa na mama zetu wanavyofanya na miti ya mihogo. Kwa hiyo kila shina la Albarossa lililopo leo ni kipande cha mche mmoja uliochaguliwa siku zile.

Dalmasso hakuuona ukipokelewa. Alifariki mwaka 1976, na Albarossa uliandikishwa katika orodha ya mizabibu ya taifa la Italia mwaka 1977, miaka 39 tangu ndoa ile ifungwe. Wakulima walikawia zaidi ya hapo kuupanda, na hata sasa mashamba yake ni machache, hasa upande wa Asti na Alessandria.

Baadaye lilitokea jambo ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mzabibu ambao Dalmasso aliutumia pamoja na Barbera ulikuwa ukiitwa na wakulima Nebbiolo di Dronero, kwa jina la mji mmoja ulio chini ya milima ya Alpi. Jina hilo liliaminiwa. Wataalamu walipopata njia ya kulinganisha vinasaba vya mimea, walikuta kwamba mzabibu wa Dronero si Nebbiolo hata kidogo. Ni Chatus, mzabibu wa kale wa Ufaransa, kutoka milima ya Ardèche, ambao Olivier de Serres alikwisha kuutaja katika kitabu chake cha kilimo mwaka 1600. Ndoa ya mfalme na mtu wa kijiji haikuwapo. Walikuwa ni watu wa kijiji wawili, mmoja ametoka ng'ambo ya mlima.

Hata hivyo divai ni ileile. Wanaoitengeneza husifu rangi yake nzito sana, inayotoka katika ganda la zabibu, uchachu wake uliourithi kwa Barbera, na tanini ambazo, sasa tunajua, ni zawadi ya Chatus. Wengi huiacha muda katika mapipa ya mti kabla ya kuiuza. Wako wauzaji ambao mpaka leo huitangaza kuwa mtoto wa Nebbiolo, kwa sababu jina hilo huuza. Hilo halitupendezi.

Halitupendezi kwa sababu tunaujua mstari ule wa kitabu cha ubatizo. Sisi makatekista tunaoandikisha majina tumekwisha kuwaona vijana wakifika mahali pa jina la baba na kunyamaza. Katika nchi iliyopita vita kama yetu, si wachache. Mmoja alituomba tuandike jina la mjomba wake, mtu mwenye sifa katika mtaa. Kanuni ya 877 hairuhusu kuandika jina la baba pasipo ushahidi au kukiri kwake mwenyewe, nasi tuliandika jina la mama peke yake. Kijana yule alikasirika, akatuambia kwamba tumemwacha uchi mbele ya watu. Hatukubishana naye. Alibatizwa kwenye Mkesha wa Pasaka pamoja na wenzake, na leo ndiye anayeongoza zamu ya wahudumu wa altare. Ndiye anayemimina divai katika vile vyombo vidogo kabla ya Misa.

Kuhusu Chatus, kidogo imalizike kabisa. Filoksera, mdudu aliyevuka bahari kutoka Amerika katika karne ya 19 na kula mizizi ya mizabibu ya Ulaya, aliiangamiza karibu yote katika Ardèche. Zilibaki shina chache katika matuta ya milimani, na mwishoni mwa karne iliyopita wakulima wa huko walianza kuipanda tena. Walipokuwa wakihangaika kuiokoa, upande wa pili wa Alpi ilikuwa tayari na mtoto mzima, chini ya jina la mtu mwingine.