Kunawa Uso: Somo Kutoka Birika la Lamu

Ukishuka Mokowe baada ya safari ndefu ya basi kutoka Mombasa, utakachotamani kwanza ni maji ya kunawa uso. Vumbi litakuwa limekuganda mashavuni na jasho limechora mifereji juu yake. Vumilia kidogo. Panda mashua uvuke, na baada ya muda mfupi utauona mji wa Lamu umejipanga ufuoni, nyumba zake za mawe zikiitazama bahari.

Mji huu wa kale uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2001. Ukiingia Usita wa Mui, ile njia kuu iliyo nyembamba, usishangae kusikia "Simile! Simile!" nyuma yako. Huyo ni mwenye punda anayetaka umpishe. Jibanze ukutani, punda apite na mzigo wake, kisha uendelee.

Mimi nilikwenda huko na binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa chuo jijini Nairobi. Alisafiri akiwa amejifunika mtandio hadi puani kwa haya. Chunusi zilikuwa zimemwanza, naye akaamua kupigana nazo: sabuni ya kufulia, taulo gumu, mara nne au tano kwa siku. Zilipozidi, alinunua kibandani mkebe wa krimu usio na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo. Aliahidiwa kuwa angetakata kwa wiki moja. Badala yake mashavu yalianza kumwasha na kubambuka.

Tulifikia kwa bibi mmoja, rafiki wa familia yetu. Nyumbani kwake kuna birika la zamani la kuhifadhia maji, na ndani yake visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Juu ya ukingo huwekwa kata, yaani kifuu cha nazi chenye mpini, ya kutekea maji.

"Shikamoo bibi," binti alisalimu.

"Marahaba mjukuu wangu. Ondoa mtandio nikuone. Uso huu umeufanyaje?"

Binti alieleza yote. Bibi alisikiliza, kisha adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Akateka maji, akatawadha, akaujaza uso wake maji kwa viganja mara tatu, taratibu, bila kusugua. Alipomaliza swala alirudi na jawabu.

"Sisi twanawa uso mara tano kwa siku, mwanangu, lakini kwa maji matupu. Sabuni ni asubuhi na usiku, basi. Wewe wausugua uso kama sufuria iliyoungua!"

Jioni bibi alitoa jiwe lake akasaga liwa kwa marashi ya mawaridi, na harufu ikajaa ukumbini. Binti akasogeza uso apakwe. Bibi akamzuia mkono. "Liwa ni pambo, si dawa ya kidonda. Ngozi ipone kwanza."

Msomaji, maneno ya bibi huyo yanakubaliana na ya madaktari wa ngozi. Ngozi ya uso ina tindikali kidogo, nayo huilinda dhidi ya vijidudu na kuizuia isikauke. Sabuni ya kufulia ni kali kwake, huikomba kinga hiyo pamoja na mafuta yake ya asili. Ngozi iliyokombwa hukauka, hupasuka na kuwasha, na chunusi huonekana mbaya zaidi.

Basi anza hivi. Asubuhi, nawa mikono kwanza. Lowesha uso kwa maji ya vuguvugu au baridi, si ya moto. Pitisha sabuni laini isiyo na manukato mengi kwa ncha za vidole, kisha usuuze vizuri, hasa kando ya nywele na chini ya kidevu. Kausha kwa kugandamiza kitambaa safi chako mwenyewe. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta mepesi. Mafuta ya nazi yaache kwa nywele ikiwa una chunusi, kwani huweza kuziba vinyweleo. Unapotoka nje, paka krimu ya kukinga jua yenye nambari 30 au zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua lake ni kali hata siku ya baridi. Hata ngozi nyeusi huweza kubaki na madoa.

Usiku rudia kunawa, ukiondoa vumbi na vipodozi vya mchana. Ukitoka mpirani na jasho, nawa tena. Hata siku ya mgao wa maji, kata mbili tatu zatosha. Kisha vumilia: chunusi huhitaji wiki sita hadi nane kuonyesha mabadiliko. Usizitumbue.

Kuhusu mikebe ya vibandani, jihadhari sana. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, lakini vingine bado huuzwa kwa siri. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha weusi usiofutika, na krimu zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Ikiwa umekwisha kuzitumia, mwone daktari akuongoze namna ya kuziacha, maana ngozi huweza kuchachamaa.

Hivyo ndivyo tulivyofanya tuliporudi. Daktari aliutazama ule mkebe, akaandika dawa, kisha akamwambia binti anawe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini. Binti akanigeukia akicheka. "Shangazi, bibi alikuwa ameshasema!"

Ilichukua miezi miwili na zaidi. Madoa machache bado yapo, lakini mtandio umerudi kichwani na uso uko wazi. Bafuni kwao ametundika kata aliyopewa na bibi, na ndugu zake wadogo sasa wanagombania kuitumia.