Bibi Akichuma Kahawa

Julai huko Machame ni mwezi wa baridi na ukungu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana alfajiri. Ikifika saa tatu mlima umeshafunikwa, na kihamba kizima, shamba letu la migomba na kahawa, hubaki na mwanga mmoja usio na vivuli, uliochujwa na majani ya migomba. Mwaka 1994 nilirudi likizo kutoka chuoni na turubai moja, brashi nne na tyubu saba za rangi za mafuta. Nilitaka kumchora bibi.

Nilimwomba asimame kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji, atulie. Alinitazama kwa huruma.

"Mjukuu wangu, kahawa ikishaiva haimngoji mtu."

Akajifunga kanga ya pili kiunoni, akaingia mibunini na kikapu chake.

Siku ya kwanza nilikwangua kila nilichokipaka. Ya pili nikagundua kuwa mwili wake ulikuwa ukirudi palepale: mkono wa kushoto unavuta tawi, wa kulia unachuma zile nyekundu tu, shingo inainama kidogo upande wa kikapu. Akihamia mbuni mwingine, anarudia. Basi nikawa nangoja tendo lile lirudi, napaka, nangoja tena. Sam Ntiro, mchoraji Mchaga aliyesoma Makerere kisha chuo cha sanaa cha Slade, London, aliwachora watu wetu hivyohivyo, wakiwa kazini, wala hakuna anayemkalia mchoraji. Picha yake ya 1956 ya wanaume wakimpelekea biarusi pombe ya ndizi usiku iko Museum of Modern Art, New York. Nilimpenda kwa miaka bila kuona kwamba watu wake hawamkalii mchoraji.

Rangi ndiyo iliyonitesa. Kijani cha kwenye tyubu kilikuwa kikali mno kwa mgomba. Nilichanganya njano na buluu, nikatia chembe ya nyekundu kukituliza. Kwa ngozi nilitumia kahawia niliyoizoea chuoni, na bibi akaonekana kama amebandikwa pale. Nikaacha brashi, nikamtazama tu. Paji la uso lake lilikuwa na kijani! Na bega pia, upande ulioelekea majani. Nikachota kijani kilekile cha migomba, nikakigusisha kidogo sana mahali hapo. Ndipo alipoingia kihambani mwake. Sijapata tena furaha kama ile mbele ya turubai.

Mafuta ya kitani yaliyomo katika rangi hizo hayakauki kama maji. Huvuta oksijeni ya hewani, yakaganda taratibu, na baridi huyachelewesha zaidi. Picha ilikuwa bado mbichi bibi alipokuja jioni na taa ya chemli kuitazama. Akakaa nayo muda mrefu. Juu ya uso wake hakusema lolote.

"Kikapu umekiacha nusu," alisema. "Na mimi siku ile nilikijaza."

Asubuhi nikafungua tena tyubu ya nyekundu.